Sikitoi kwa Hiari

Sie wa Kitaya timu yetu ilikuwa Ndanda, ya Mtwara mjini. Ilipopanda Ligi Kuu 2014, mwaka mmoja tu baada ya ghasia za bomba la gesi, nilijisemea: gesi itakwenda Dar, mpira utabaki kwetu. Kiingilio cha Nangwanda Sijaona kilitoka kwenye korosho. Korosho zikilala, nasikiliza redio. 2020 ikashuka daraja. Oktoba mwaka huohuo wavamizi wakavuka Ruvuma, wakaua watu, wakachoma nyumba kijijini kwetu. Jamaa wa Simba na Yanga huniuliza, we bado unashabikia nini? Ndugu msomaji, timu ikishuka yaweza kupanda, waliozikwa hawarudi. Tumeshapokonywa vingi. Hiki kimoja sikitoi kwa hiari.