Nilipokabidhi Shengena

Nilipoagana na karakana ya reli ya Nairobi, Januari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inakata roho. Reli ilikuwa mali ya nchi tatu na mafundi tulikuwa wa nchi tatu. Sasa kila nchi ikawa inahesabu mabehewa yake na watu wake. Sisi Watanzania tukaambiwa tujiandae kurudi kwetu. Pale niliingia kijana wa kujifunza kazi, na wanangu wote walizaliwa Muthurwa, kwenye nyumba za reli.

Injini niliyoizoea kuliko zote ilikuwa 5930, mojawapo ya injini 34 za mvuke za aina ya Garratt zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1950. Zilichoma mafuta mazito, zikavuta mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hii iliitwa Mount Shengena. Mimi ni Mpare wa Same, na Shengena ndio mlima mrefu kuliko yote ya Upare. Kila nilipoipaka grisi nilijiona nipo kwetu.

Siku ya mwisho nilimchukua mwenzangu wa zamu, Mluhya wa Kakamega, tukaizunguka injini tangu mbele hadi nyuma. Nikamwonyesha nati inayolegea kila safari, bomba linalovuja mvuke kwenye maungio, na mahali pa kugonga kwa nyundo ndogo ukasikiliza mlio. Hayo hayakuandikwa katika kitabu chochote. Akaishika ile nati, akaikaza, akasema, “Nenda salama, ndugu yangu. Mlima wa kwenu nitautunza.”

Februari mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, ukabaki hivyo hadi 1983. Sikumwona tena.

Nyumbani nilipangiwa karakana ya Tanga. Sikumjua mtu, na usiku wa kuamkia kazi sikupata usingizi. Asubuhi fundi mkuu, mzee wa Kidigo, alinishika mkono akanizungusha kwenye injini zake moja baada ya nyingine, akinitajia maradhi ya kila moja. Hofu ikaniisha palepale. Kumbe nilikokuwa nakwenda alikuwepo mtu aliyenitunzia kazi, nami sikuwa na habari.

Mount Shengena ingali ipo, katika Makumbusho ya Reli Nairobi, na Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999. Wanaokaribia kustaafu huniuliza watajuaje kama huko mbele ni salama. Hakuna ajuaye. Mwachie anayekupokea kila unachokijua, hata kile ambacho hukulipwa ukijue, kisha uende. Aliyekabidhi vizuri ana haki ya kuamini kwamba naye atapokewa vizuri, maana kazi zote tulizowahi kuzishika tulikabidhiwa na watu waliotutangulia.