Madaftari Tisa na Swali Moja

Miaka mingi nilikusanya habari za kambi ya Musonoi, hapa Kolwezi: namna baba zetu wachimba shaba walivyofanya zamu, walivyooa, walivyozika wenzao. Nikajaza madaftari tisa. Kisha nikawaandikia wachapaji wa vitabu vya elimu huko Ulaya: "Nina kitabu kizuri, tafadhali mkipige chapa." Baada ya miezi mitano wakajibu: hapana. Niliumia, nikidhani wamewadharau wazee wetu.

Yaya yangu, ambaye ni mwalimu, alisoma nakala ya barua yangu. "Mdogo wangu," akasema, "umewaambia una madaftari. Unataka kusema nini, hukuwaambia." Nikanyamaza.

Ndipo akanifundisha. Mhariri hasomi madaftari yote. Kwanza husoma kurasa chache za maelezo. Hutafuta haya: kitabu kinajibu swali gani? Kinaongeza nini juu ya yale yaliyokwisha kuandikwa? Nani atakinunua? Chafaa kukaa pamoja na vitabu vyao vingine? Akiridhika, huwapelekea wataalamu, mara nyingi wawili, ambao kwa kawaida mwandishi haambiwi majina yao. Hao hutoa maoni, mwandishi hujibu, mwisho baraza hukata shauri. Basi kukataliwa si kuitwa mwongo. Pengine umebisha mlango usio wako, au umebisha bila kusema shida yako.

Tazameni mfano wa kwetu. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi, kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani. Maneno yale yalikaa miaka 25. Mwaka 1990 John Benjamins wa Amsterdam waliyapiga chapa, pamoja na tafsiri na maelezo ya Johannes Fabian. Ushuhuda ulikuwa ule ule. Fabian aliuonyesha unajibu swali gani.

Lakini je, lazima sikuzote tumngoje mgeni atuulizie? Nimeandika upya, kurasa sita tu. Swali langu ni hili: watu waliopewa nyumba na kampuni waliifanyaje kambi kuwa kwao? Jibu halijafika bado. Katika wazee kumi na wawili walionisimulia, wanne tu wangali hai. Kwa hiyo, ndugu, mwenye mzee nyumbani amwulize leo, na ajue kwa nini anauliza.