Raleigh ya Babu na Baisikeli Mpya

Katika banda la baisikeli la shule yetu husikika ubishi ule ule kila asubuhi. Mmoja husema Phoenix ndiyo baisikeli. Mwingine husema Hero. Wa tatu, kwa kuwa amewasikia wazee, hushikilia kwamba baisikeli ni Raleigh tu, na nyingine zote ni vyuma vya kuchongea majembe. Mimi nilikuwa mbishi kuliko wote. Sasa nimenyamaza, na napenda kuwaeleza sababu, ingawa habari yenyewe yaniaibisha kidogo.

Kutoka nyumbani kwetu mpaka shuleni ni kilomita 9. Njia yapita kando ya mashamba ya mkonge, kisha yaingia katika udongo mweusi ambao wakati wa masika hushika mguu kama gundi. Nilipokuwa kidato cha kwanza nilikwenda kwa miguu. Niliamka saa kumi alfajiri, na jioni nilifika nyumbani giza likianza kuingia. Mwaka 2024, nilipokuwa kidato cha pili, mama akaanza kuogopa. Wasichana wengine wa kijijini kwetu walikuwa wamepanga chumba karibu na shule, wanne katika chumba kimoja, wakijipikia wenyewe. Wawili kati yao hawakumaliza masomo. Mama hakutaka nipange.

Sisi ni Waluguru, na ukoo wetu hufuata upande wa mama, kwa hiyo neno la mjomba ni zito nyumbani. Mjomba akasema, “Ama ipatikane baisikeli, ama huyu mtoto akae nyumbani mpaka tuone njia nyingine.” Niliposikia hivyo sikulala usiku ule.

Mwezi wa Julai tukauza ufuta. Fedha zilipatikana, lakini zilikuwa zimekwisha pangiwa kazi, yaani kununua bati 14 za nyumba yetu kabla ya mvua za vuli. Ndipo babu, baba yake mama, akasema, “Mbona baisikeli ipo?” Akatoa Raleigh yake nyuma ya ghala. Aliinunua Morogoro mwaka 1966 kwa mshahara wa kukata mkonge, akaileta Ngerengere kwa treni. Ilikuwa na vumbi na kutu kidogo, na pedeli zake zilichezacheza, lakini ilisimama wima kama askari. Mjomba akacheka akasema, “Baba, hicho ni chuma chakavu. Tuuze, tuongeze fedha, tununue mpya.” Babu hakujibu. Mama akanigeukia mimi: “Wewe unasoma fizikia. Tazama, kisha utuambie.”

Basi nikaona fahari kubwa. Nikachukua daftari, kamba na rula, nikaazima Hero ya jirani, nikaziweka baisikeli mbili sambamba chini ya mwembe kama tufanyavyo katika maabara.

Kwanza niliona kwamba zafanana kuliko wabishi wanavyodhani. Raleigh ilianza Nottingham, Uingereza, katika miaka ya 1880. Hero ilianza mwaka 1956 katika mji wa Ludhiana, India. Phoenix hutoka Shanghai, China. Lakini baisikeli za namna hii za India na China zilifuata umbo la zile za Kiingereza: fremu ndefu ya chuma, magurudumu ya inchi 28, na breki za fito za chuma badala ya waya. Nilihesabu spoku za zote mbili, nikakuta 32 mbele na 40 nyuma. Mwanzoni nilishangaa kwa nini hazilingani. Kisha nikamkumbuka mama na gunia lake juu ya keria, nikafahamu kwamba gurudumu la nyuma ndilo lenye mzigo.

Kisha nikapima mwendo. Baisikeli hizi hazina gia za kubadili, kwa hiyo hesabu yake ni rahisi. Gurudumu la meno la mbele la Raleigh lilikuwa na meno 46, na la nyuma, ambalo babu alilibadili zamani, lilikuwa na 20. Kwa kamba nilipima kwamba tairi likizunguka mara moja huenda mita 2.2. Basi ukikanyaga mzunguko mmoja, Raleigh huenda mita 5 na kidogo. Hero ya jirani ilikuwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, nayo huenda karibu mita 5.4. Tofauti hiyo ni ndogo katika daftari, lakini katika matope, au ukipanda kilima na gunia, miguu huijua. Ile iendayo mbali kwa mzunguko mmoja hutaka nguvu zaidi.

Mwisho nikatazama fremu. Katika Raleigh, mabomba yamechomekwa katika viungo vya chuma na kushikizwa kwa shaba iliyoyeyushwa, na kazi yake ni safi hata huwezi kuona pengo. Nikafunga uzi kutoka nyuma mpaka mbele kuona kama imepinda. Haikupinda hata kidogo. Katika gurudumu la meno kuna vichwa vya ndege korongo vilivyokatwa kwa ustadi. Nilivipenda mno. Nikaandika katika daftari: “Raleigh imeshinda. Tutengeneze ya babu, bati zinunuliwe.”

Mama akafurahi, na babu akanipa mkono. Mjomba akasema, “Haya, mwalimu.”

Kilichokuwa kimekwisha ni vikombe vya chini, vile ambavyo gololi huzunguka ndani yake katika bomba fupi lishikalo krenki na pedeli. Nikampa mjomba fedha, akaniletea vikombe vipya kutoka Morogoro. Jumamosi nikaanza kazi mwenyewe, bila kumwita fundi, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu. Kikombe cha upande wa kushoto kiliingia vizuri mizunguko miwili, kikakataa. Nikadhani ni kutu. Nikatia mafuta, kikakataa. Nikatia spana ndefu, nikaipiga kwa nyundo. Kikaingia kwa mlio ambao nausikia mpaka leo. Nilipokitoa, zilitoka nacho nyuzi za chuma kama nywele.

Babu alikuwa ameketi barazani. Alikuja, akatia kidole ndani ya bomba, akakizungusha polepole. Kisha akarudi barazani akaketi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Siku ya pili nikaisukuma baisikeli mpaka kwa fundi aliye karibu na stesheni ya zamani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Umeipiga nyundo?”

“Ndiyo.”

“Bila kuuliza?”

Sikuwa na la kusema. Akachukua kikombe changu kipya na kikombe cha zamani cha babu, akavigusanisha, mikato ya kimoja juu ya mikato ya kingine, akanionyesha kwenye jua. Havikushikana. Akaniambia kwamba katika vikombe vya kawaida, kila inchi moja huwa na nyuzi 24. Raleigh ya Nottingham ilijiwekea kipimo chake, nyuzi 26. Unene wa kikombe ni ule ule, kwa hiyo chaingia mwanzoni na kukudanganya. Kisha nyuzi hupishana, na ukishindana nazo, wakatao ni wewe. Na kwa kuwa kiwanda cha Nottingham kiliacha kuunda baisikeli mwanzoni mwa miaka ya 2000, kupata vikombe vya nyuzi 26 katika maduka yetu ni kazi ya kutafuta na kungoja.

“Daftari lako halikukosea,” akasema. “Fremu hii ni bora. Lakini ulipima baisikeli, hukupima duka.”

Ndugu wasomaji, neno hilo lilinichoma. Nilikuwa nimepima urefu, meno na spoku, wala sikuuliza swali moja dogo: kikiharibika hiki, kingine nitakipata wapi?

Basi ikabidi fedha za bati zitumike. Mjomba akanunua baisikeli mpya, na jina lake sitalitaja. Vuli ilipokuja, nyumba yetu ilivuja, na kitanda cha mama tulikihamisha mara tatu kwa usiku mmoja. Mama hakunilaumu, ila kila tone lilipoangukia sufuria nililihesabu.

Na hiyo baisikeli mpya haikuwa malaika. Katika wiki ya tatu spoku zililegea, rimu ikaanza kuyumba, na pini ifungayo mkono wa pedeli ikapinda. Zamani ningepiga kelele kwamba nilijua tangu mwanzo. Safari hii nilikwenda kwa fundi. Alikaza spoku moja moja akizungusha gurudumu, akatia pini nyingine aliyokuwa nayo katika kopo, na kwa muda wa kuchemsha chai nikawa njiani. Pini ile ilinigharimu bei ya madaftari mawili. Akanifundisha pia kwamba baisikeli mpya yafaa ikazwe spoku na nati zote kabla ya safari ya kwanza, si baada yake. Tena akanionya juu ya breki: rimu za chuma zikilowa, breki huteleza. Wakati wa mvua, anza kushika breki mapema ukiwa bado mbali.

Tangu siku hiyo sijachelewa shuleni ila mara mbili, na zote mbili ni udongo mweusi uliojaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Sikuhamia chumba cha kupanga. Jioni nikipita karibu na reli mpya, huiona treni ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 ikipita upesi kama upepo. Ni jambo la kujivunia. Walakini treni haifiki mlangoni kwetu, na zile kilomita 9 bado ni za baisikeli.

Huenda mwauliza, Raleigh iko wapi? Fundi alimwambia babu ukweli: aweza kukichomelea kikombe ndani ya bomba kwa moto, lakini kikisagika tena, hakitatoka, na fremu itakuwa imefika mwisho wake. Babu akafikiri kidogo, akasema, “Kichomelee. Mimi na yeye tutazeeka pamoja.” Sasa huenda nayo shambani polepole, na vile vichwa vya korongo vyazunguka kama kawaida.

Kwa hiyo mkinikuta bandani asubuhi, msinivute katika ubishi. Fremu njema ni jambo kubwa, wala sikanushi. Lakini kabla ya kusema ipi bora, muulize fundi wa kwenu vitu vitatu: kipi huharibika kwanza, kinapatikana wapi, na chafungwaje. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na nyumba ya mama ikavuja. Mwaka huu ufuta umestawi, na bati, Mungu akipenda, tutaziezeka kabla ya vuli. Nimekwisha mwahidi mama kwamba safari hii misumari nitapigilia mimi, ila fundi atasimama karibu.