Kodi na Kura Katika Mji wa Sydney

Aghalabu watu wa kwetu wakitajiwa Australia hukumbuka kondoo, ngano, jangwa, na yule mnyama arukaye kwa miguu ya nyuma akiwa amebeba mtoto mfukoni. Hayo yote yako. Lakini wengi wa wenyeji wa nchi ile huishi katika miji iliyo kando ya bahari, na mazungumzo yao ya kila siku si ya kondoo. Tulipofika Sydney katika siku za mwisho za Aprili 2025, uchaguzi mkuu ulikuwa umekaribia, na kila tulipoketi tuliwasikia watu wakibishana juu ya kodi: ndani ya basi, kwa kinyozi, na mbele ya duka la nyama. Nasi tulistaajabu kidogo, kwani kodi ni jambo kavu, na tulidhani ni la mahasibu peke yao.

Yafaa kwanza wasomaji wetu wavijue vyama vyenyewe. Viko viwili vikubwa. Kimoja ni Labor, kilichozaliwa katika vyama vya wafanyakazi. Cha pili ni Liberal, ambacho kwa miaka mingi kimeshirikiana na chama cha National cha watu wa mashamba, na wawili hao pamoja huitwa Muungano. Jina la Liberal lisimpoteze msomaji: katika Australia ndicho chama cha wahafidhina na wa wenye biashara. Nje ya hao wako Kijani, na wagombea wasio na chama, ambao idadi yao imeongezeka katika miaka ya karibuni.

Lakini lililotushangaza zaidi ni kwamba kura kule si hiari. Tangu sheria ya 1924, kila raia aliyesajiliwa hana budi kufika kituoni katika uchaguzi wa nchi nzima, na asiyefika bila ya udhuru hutozwa faini ya dola 20. Matokeo yake ni kwamba hata mtu asiyependa siasa huzisikiliza, maana siku itafika atasimama mbele ya karatasi na kalamu ya risasi. Wala haitoshi kutia alama moja. Katika karatasi ya kumchagua mbunge, mpiga kura huwapa wagombea wote namba: 1 kwa ampendaye, 2 kwa amfuataye, hata wa mwisho. Kama hakuna aliyepata zaidi ya nusu, aliye chini kabisa huondolewa na kura zake hupewa wale waliowekwa namba 2 na wapiga kura wake, na huendelea hivyo mpaka mmoja avuke nusu. Mtindo huu wameutumia tangu 1918. Basi mtu wa Australia hubishana si juu ya ampendaye tu, bali hata juu ya yupi ni afadhali kati ya wale asiowapenda!

Jumapili moja tulikwenda katika bustani iitwayo Domain, iliyo karibu na katikati ya mji, mahali ambapo tangu 1878 watu wamekuwa wakisimama juu ya masanduku na ngazi kuhutubia wapita njia. Katika Vita Kuu ya Kwanza walikusanyika hapo makundi makubwa kubishana kama vijana walazimishwe kwenda vitani. Siku hizi wasemaji wamepungua sana, na miti ni mingi kuliko wasikilizaji. Hata hivyo tuliambiwa kisa kimoja ambacho kila mtu mzima wa kule akijua, nasi twakieleza kwa kuwa kinaonyesha jinsi kodi inavyoweza kumwangusha mtu.

Mwaka 1993 kiongozi wa Liberal alikuwa John Hewson, bwana aliyesomea uchumi hata akawa mwalimu wa chuo kikuu. Alitaka kuleta kodi ya 15 kwa 100 juu ya bidhaa na huduma, na mpango wake aliuandika katika kitabu kinene. Siku kumi kabla ya kura mtangazaji wa televisheni alimwuliza swali jepesi: je, nikinunua keki ya siku ya kuzaliwa dukani, itakuwa ghali zaidi au rahisi zaidi? Bwana yule akaanza kueleza. Inategemea kama keki imepambwa, kama ina mishumaa, kama ilikuwa ikitozwa ushuru wa zamani au haikuwa. Maelezo yake huenda yalikuwa sahihi, lakini yalikuwa marefu, na wenye watoto walioketi nyumbani walielewa neno moja tu, kwamba huyu atakaye kutuongoza hawezi kutuambia bei ya keki. Akashindwa na Paul Keating wa Labor. Kodi yenyewe ililetwa baadaye na John Howard, tarehe 1 Julai 2000, kwa 10 kwa 100, na baada ya mabishano mengi katika Baraza la Senate vyakula vya kawaida kama mkate, nyama mbichi na mboga viliachwa bila kutozwa.

Ijumaa ya 2 Mei tulikwenda Lakemba, mtaa wa magharibi mwa mji, kusali katika msikiti mkubwa ulioko Wangee Road. Treni za njia ile zilikuwa zimesimamishwa tangu Septemba 2024 ili reli ifanywe upya, hivyo tulipanda basi. Hesabu ya watu ya 2021 ilionyesha Waislamu 813,392 katika Australia yote, yaani kama 3 katika kila 100, na Lakemba ni mojawapo ya mahali wanapoonekana zaidi. Ukipita Haldon Street utaona maduka ya Walebanoni, Wabengali, Wapakistani na Waindonesia yamepangana, na harufu ya nyama ya kuchoma haina mwisho.

Baada ya sala tulikaribishwa katika duka la vitambaa. Mwenyewe ni mzee Mlebanoni, amekaa nchini miaka arubaini na zaidi, naye ni mtu wa Liberal. Pamoja naye alikuwako kijana fundi wa umeme, mtoto wa jirani yake, ambaye humwita ami. Walikuwa wamekwisha kuanza kabla hatujaketi.

"Waziri Mkuu wako alivunja ahadi," alisema mzee. Alikusudia jambo la Januari 2024. Serikali iliyotangulia ilikuwa imekwisha kupitisha sheria ya kupunguza kodi ya mapato kuanzia Julai 2024, na Anthony Albanese alikuwa ameahidi hataigusa. Kisha akaigeuza. Kwa mpango wa kwanza mtu wa mshahara wa dola 200,000 kwa mwaka angalipunguziwa 9,075, na mtu wa 45,000 asingalipata kitu. Kwa mpango wa Albanese yule wa juu alipunguziwa 4,529 na huyu wa chini akapata 804.

"Ami, mimi ni wa huku chini," alijibu kijana. Akavuta karatasi ya kufungia vitambaa akatuandikia: dola 18,200 za kwanza hazitozwi, zifuatazo mpaka 45,000 hutozwa 16 kwa 100 badala ya 19 za zamani, basi mtu wa 45,000 alipa 4,288.

"Sikukuuliza hesabu, nimekuuliza ahadi. Leo amevunja kwa faida yako, kesho atavunja kwa hasara yako. Ahadi ni deni."

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ahadi ya kumpa tajiri zaidi wakati bei za vyakula na nyumba zimepanda haikupasa kutolewa tangu mwanzo. Twakiri kwamba kila mmoja alikuwa na hoja. Hata hivyo tuliona ya mzee ilikuwa na uzito kuliko kijana alivyopenda kukubali, maana hakuijibu, bali aliihamisha.

Mzee naye alikuwa na jambo lake la zamani. Katika Australia kampuni kubwa hulipa kodi ya 30 kwa 100 kabla ya kugawa faida, na mwenye hisa huhesabiwa kwamba sehemu ya kodi yake imekwisha kulipwa. Tangu 2000, mwenye hisa asiyedaiwa kodi, kama vile mstaafu, hurudishiwa fedha hizo taslimu. Labor walipotangaza kwamba wataondoa malipo hayo, wazee wengi walijaa katika kumbi kulalamika. Magazeti na wapiga ramli wa kura walikuwa wakisema Labor itashinda. Lakini tarehe 18 Mei 2019 ilishindwa. Katika kampeni ile ile Labor walitaka pia kupunguza faida ya kodi wanayopata wanunuzi wa nyumba za kupangisha. Kanuni iliyokuwako ni hii: mtu akinunua nyumba kwa mkopo akaipangisha, na riba na matengenezo yakazidi pango, hasara ile huiondoa katika mshahara wake kabla ya kutozwa kodi. Labor waliisimamisha 1985 wakairudisha 1987. Wakataka kuibana katika chaguzi za 2016 na 2019, wakashindwa zote mbili. Mwaka 2025 hawakuithubutu.

Hapo ndipo maneno yalipokuwa makali. Sisi Waswahili tuna neno moja, kodi, kwa ile ya dola na kwa ile ya mwenye nyumba, na siku ile tuliona maana ya kuzifunga pamoja. "Mwenye nyumba yangu hupunguziwa kodi yake kwa sababu mimi namlipa kodi," alisema kijana, ingawa katika Kiingereza ilimbidi atumie maneno mawili. Ana mke na watoto wawili, na hajaweza kununua nyumba. Muungano uliahidi kwamba mwenye kununua nyumba yake ya kwanza, ikiwa ni mpya, ataruhusiwa kuitoa riba ya mkopo wake katika mapato yatozwayo kodi kwa miaka mitano. Labor waliahidi kumdhamini mnunuzi mwenye akiba ya 5 kwa 100 tu, ili benki imkopeshe zilizobaki. "Na mimi niepukaye riba," aliuliza, "ipi kati ya hizi ni yangu?" Mzee, ambaye muda wote alikuwa na jawabu, hakuwa nalo.

Kulikuwa na ahadi ndogo ndogo pia. Labor walipitisha punguzo jingine la kodi litakaloanza Julai 2026, lisilozidi dola 268 kwa mwaka wa kwanza. Wapinzani wakalidharau kwamba ni senti 70 kwa siku. Wao wakaahidi kupunguza ushuru wa mafuta ya gari kwa senti 25.4 kwa lita, kwa mwaka mmoja.

Kesho yake, Jumamosi, tulisimama nje ya kituo kilichokuwa katika shule. Vituo hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Wapambe wa kila chama hugawa karatasi za kumwelekeza mtu jinsi ya kupanga namba, ila hawaruhusiwi kukaribia mlango kwa mita sita. Wazazi huchoma soseji na kuziuza kwa faida ya shule, desturi iliyopendwa hata 2016 jina la soseji ya demokrasia likachaguliwa kuwa neno la mwaka. Katika kituo chetu zilikuwa za halali, na mstari wake ulikuwa mrefu kuliko wa kura.

Usiku ule ule matokeo yalijulikana. Labor walipata viti 94 katika 150, na Peter Dutton, kiongozi wa Muungano, alipoteza hata kiti chake mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kumpata kiongozi wa upinzani wa nchi ile katika uchaguzi mkuu. Zaidi ya watu 90 katika kila 100 waliosajiliwa walipiga kura. Katika Watson, jimbo la Lakemba, Tony Burke wa Labor alirudi bungeni, na mgombea asiye na chama aliyeungwa mkono na Waislamu wengi alikuwa wa pili. Kijana alimpa huyo namba 1 na Burke namba 2. Mzee alikuwa amempa Liberal, na hakutuambia alimweka nani wa pili.

Jumatatu asubuhi tulipita dukani kuaga. Kijana alikuwa amekwenda kazini, na barua ya mwenye nyumba yake, iliyofika Ijumaa, ilimtaka aongeze dola 40 kwa juma kuanzia Juni.