Utamu na Mikono

Utamu ni mgeni asiyeulizwa kwao. Kisiwani Pemba, harusi haitimii machoni pa watu pasipo sahani ya halua na kahawa chungu. Sukari ni alama ya furaha na ukarimu. Hata mtu mwenye ulimi wa upole husemwa kuwa maneno yake ni sukari. Lakini wahenga walituachia neno lifaalo hata kwa vyakula: ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi utamu huu uliundwa na nani?

Neno lenyewe ni msafiri. Sukari limetujia kwa Waarabu, na mzizi wake ni Kisanskriti cha Bara Hindi. Zao lake lilisafiri vilevile, na katika nchi nyingi lilidai mikono isiyolipwa. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alipatana na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa katika visiwa viitwavyo leo Morisi na Réunion, penye mashamba ya kahawa na miwa. Katika karne ya 19 miwa ilienea kando ya mto Pangani, ng'ambo ya mkondo wa Pemba, ikilimwa na kukamuliwa na watumwa. Abushiri bin Salim, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1889, alikuwa na shamba lake la miwa huko. Twamkumbuka kwa ushujaa wake. Ni haki kuwakumbuka pia waliomlimia.

Pemba yenyewe ilikuwa nchi ya karafuu zaidi kuliko miwa, lakini mtumwa alikuwa yule yule. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na amri ya 1897 ikauondolea utumwa nguvu ya sheria katika visiwa vyote viwili. Leo, katika kikombe cha chai yenye sukari na karafuu, hukutana historia mbili za mama mmoja.

Mwaka 2014 msanii Kara Walker alionyesha, katika kiwanda cha zamani cha sukari huko Brooklyn, Marekani, sanamu kubwa ya mwanamke mweusi katika umbo la sfinksi, iliyofunikwa kwa sukari nyeupe. Nilipotazama picha zake nilijiuliza: onyesho kama hilo lingepokewaje katika makumbusho ya ngome ya Chake Chake? Hapa wajukuu wa bwana na wajukuu wa mtumwa wameoana, husali safu moja, hula sahani moja. Kumwuliza mtu nasaba yake hadharani ni kumvua sitara. Mimi ni mwalimu wa lugha hii. Najua neno hilo lina uzito gani kwetu.

Hata hivyo, sitara ni vazi la mtu, si vazi la dhuluma. Twaweza kulificha jina la mjukuu na papo hapo kuitaja kazi ya babu. Ukimya umlindao mnyonge ni adabu. Ukimya umlindao aliyemdhulumu ni deni, na deni halifi kwa kunyamaziwa. Onyesho la namna hiyo lisingemshtaki mtu. Lingeirudishia mikono heshima yake.

Wala halua haitageuka shubiri kwa kutajwa waliokamua miwa. Siku zote tumeila pamoja na kahawa chungu, na hakuna mgeni aliyeona kuwa uchungu ule umemharibia karamu.