Joka na Wenziwe Watano

Likizo iliyopita nilishindwa mchezo mara saba kwa usiku mmoja, na aliyenishinda ni mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na sita. Tulikuwa Bumbire, kisiwa cha wilaya ya Muleba, tumekaa kibarazani kwa dada yangu. Mwezi haukuwapo, na taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimetapakaa ziwani hata mgeni angedhani kuna mji ng'ambo ya pili.

Mchezo wenyewe ni Pokémon, uliotoka Japani mwaka 1996, kazi ya Satoshi Tajiri, mtu ambaye utotoni mwake alipenda kukusanya wadudu. Mpwa wangu huucheza kwa simu, katika programu iitwayo Pokémon Showdown, isiyotoza senti. Kila mchezaji huwa na madubwana sita; kila dubwana lina mapigo manne tu, nalo huingia uwanjani peke yake huku wenziwe wakingoja zamu. Mimi, kwa kuwa nimesoma sana, nilichagua sita walio wakali kupita wote. Kijana aliitazama orodha yangu kwa huruma akasema, "Mjomba, umejaza wafalme watupu. Nani atateka maji?"

Yeye alikuwa na mkali mmoja tu, joka la ardhini liitwalo Garchomp. Ni kiumbe wa kutisha kweli. Lina pigo liitwalo Ngoma ya Panga, ambalo likichezwa mara moja nguvu zake za kushambulia huwa maradufu, na baada ya hapo wachache husimama mbele yake. Lakini kijana hakuanza somo lake kwa nguvu za joka. Alianza kwa hofu zake. Joka hilo, aliniambia, huogopa vitu vitatu: majoka wenziwe, vichimbakazi, ambao waliingizwa katika mchezo mwaka 2013 na ambao pigo la joka haliwagusi kabisa, na barafu, ambayo humwumiza mara nne ya kawaida. Mtu akikosa kuyajua hayo, hajui joka ni nini, ijapokuwa amelifuga mwaka mzima.

Basi ubavuni mwa joka aliweka mnyama wa chuma na moto, Heatran. Huyo barafu humpata robo tu, kichimbakazi robo, na joka nusu. Adui akileta barafu, joka hurudishwa nyuma na huyu wa chuma huingia kulipokea pigo. Mwingine kazi yake ni kutandaza mawe makali upande wa adui, ili kila aingiaye aumie kabla hajafanya neno. Mwingine huwachosha wale wanene ambao joka peke yake lingewapiga likachoka. Hakuna katika hao ambaye mtazamaji angemshangilia. Niliona ya kuwa kundi halikujengwa ili kuongeza nguvu za mkali, maana nguvu anazo. Lilijengwa ili kumwondolea njiani yale anayoyaogopa, ipatikane nafasi moja ya kucheza ngoma yake.

Wapenzi wa kandanda wanalijua jambo hili bila ya madubwana. Mbwana Samatta aliifungia Genk mabao 23 ya ligi katika msimu wa 2018 hadi 2019, na klabu ile ikawa bingwa wa Ubelgiji. Majira yale yale ya kiangazi alikwenda Misri na Taifa Stars katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Akafunga bao moja, nasi tukafungwa michezo yote mitatu. Miguu ilikuwa ile ile.

Hata hapo nilikuwa nikisikiliza kama mwalimu asikilizavyo somo la mwenziwe, kwa raha na kwa umbali. Kisha tukafika kwa mnyama wa sita. Huyu alikuwa dhaifu wa mwili, na katika mapigo yake mlikuwa na moja liitwalo Dua ya Uponyaji. Alitumiapo, yeye mwenyewe huanguka, na yule aingiaye badala yake hupona majeraha yote. Joka likiwa limekaribia kufa, dua hiyo hulirudisha zima kama ndiyo kwanza linaingia.

"Kwa hiyo huyu huchukuliwa ili aanguke?" nikauliza.

"Ndiyo kazi yake, mjomba. Akibaki mzima mpaka mwisho, ujue umecheza vibaya."

Nilimrudishia simu yake, nikasema macho yamechoka.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka miwili. Mwaka aliomaliza darasa la saba, jina lake lilitoka katika orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Baba alikuwa na mtumbwi mmoja na nyavu chache za sangara, akasema ada iliyopo ni ya mtoto mmoja, na mtoto wa kiume yu nyuma anakuja. Dada akaingia katika kazi ya kuanika dagaa. Ada yangu, na baadaye nauli zangu za Dar es Salaam, nyingi zilitoka katika magunia yale. Naweza kusema shahada yangu ya uzamivu inanuka dagaa, na nimepata kuyasema hayo kwa mzaha mbele ya wageni, wakacheka. Habari hii sikuwa nimeisahau. Nilikuwa nimeihifadhi mahali pa shukrani, na shukrani, jamani, haiulizi maswali.

Alfajiri nilimfuata mwambani. Mitumbwi ilikuwa imerudi, naye alikuwa akitandaza dagaa kwa mkono, haraka, kabla jua halijapanda. Nilimwuliza kama anaikumbuka ile shule aliyochaguliwa. Aliitaja jina papo hapo, bila ya kuinua uso. Kisha akataja, kimoja kimoja, vitu vilivyoandikwa katika barua ya wito: ndoo, jembe, shuka mbili, sketi mbili za buluu, viatu vyeusi vya kamba.

Kisha akaniambia nisogee, nimekanyaga dagaa.