Printa haijapotea, unaiulizia mtaa usio wake

Kuna ujumbe mmoja wa kompyuta ambao umewatoa watu pesa nyingi mifukoni bila sababu. Ni ule unaosema kwamba kifaa hakikupatikana. Printa haipatikani, kamera ya lango haipatikani, televisheni haipatikani. Mtu akishausoma mara tatu huamua kwamba kifaa kimekufa, anamwita fundi au anaenda mjini kununua kingine.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na najua ujumbe huo huandikwaje. Programu inauliza swali mtandaoni, inangoja sekunde chache, na isipopata jibu inasema kifaa hakikupatikana. Basi, hakuna zaidi. Ndugu msomaji, "sikujibiwa" ni jambo moja na "hakipo" ni jambo lingine kabisa. Ukishika tofauti hiyo, nusu ya matatizo ya mtandao wa nyumbani utayamaliza mwenyewe.

Tuanze na jinsi vifaa vinavyotafutana. Mtandao wa nyumbani ni kama mtaa, na ruta ndiyo inayompa kila mkaaji namba ya nyumba. Namba hiyo ndiyo anwani ya IP. Nyumba nyingi hutumia namba zinazoanza na 192.168, safu iliyotengwa kwa matumizi ya ndani katika waraka uitwao RFC 1918 wa mwaka 1996. Ndiyo maana wewe na jirani yako mnaweza kuwa na namba zilezile na msigombane. Ugawaji wenyewe hufanywa kwa utaratibu wa DHCP, na namba hutolewa kwa muda tu, kama mtu anayepanga chumba. Stima ikipotea na kurudi, kifaa kinaweza kujikuta na namba nyingine.

Sasa laptopu inapotafuta printa kwa mara ya kwanza, haijui printa inakaa namba gani. Kwa hivyo inapaza sauti mtaani: "Nani hapa ni printa?" Sauti hiyo hutumwa kwa anwani maalumu, 224.0.0.251, na kila kifaa kinachoijua lugha hiyo huisikia. Utaratibu huu unaitwa mDNS. Kampuni ya Apple ilianza kuutumia katika kompyuta zake mwaka 2002, na mwaka 2013 ukaandikwa rasmi kama RFC 6762. Jambo la kukumbuka ni moja: sauti hiyo haivuki ruta. Inaishia kwenye ukuta wa mtaa. Printa iliyo upande wa pili wa ukuta haitasikia, hata kama iko hatua tano kutoka kwenye laptopu.

Haya, sasa nieleze kwa nini jambo hili linanikera kiasi hiki.

Dada yangu anaishi Kitengela na ana kazi ya kuchapa nyumbani. Anachapa mitihani ya shule, kadi za harusi, na vile vijitabu vya mazishi vyenye picha ya marehemu, ratiba na wasifu wake. Alhamisi moja alikuwa na vijitabu 120 vya mzee mmoja wa jirani. Mwili ungetoka mochari saa kumi na moja alfajiri kuelekea Kitui. Jioni hiyo stima ilipotea kwa muda wa saa moja hivi, ikarudi, na iliporudi printa ikawa haipatikani. Alinipigia saa nne usiku.

"Kaka, hii printa imekufa."

Alikuwa na sababu za kuamini hivyo. Fundi mmoja wa mtaani alikuwa ameshamwambia mwezi uliotangulia kwamba kifaa cha waifai ndani ya printa kimeanza kuharibika na dawa ni kununua printa mpya. Waya wake wa USB ulipotea zamani walipohama nyumba, na saa hizo hakuna duka lililo wazi. Mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa amefuta draiva na kuiweka upya mara tatu. Nilimwuliza dada kama mtandao upo. Akaniambia, "Mtandao upo, nimefungua barua pepe sasa hivi."

Hapo ndipo watu wengi hunaswa. Intaneti ikifanya kazi, mtu hudhani kila kitu ndani ya nyumba kiko pamoja.

Nilimwomba mpwa wangu anipe namba mbili tu. Ya kwanza ni ya printa: aende kwenye menyu yake, achape ile karatasi ya hali ya mtandao. Karatasi ikatoka, safi kabisa, na anwani ikasomeka 192.168.100.23. Kifaa cha waifai kinachosemekana kimekufa hakiwezi kupewa anwani na ruta. Namba ya pili ni ya laptopu: afungue lile dirisha jeusi la amri kwenye Windows, aandike ipconfig. Ikatoka 192.168.0.104.

Tazama namba hizo vizuri. Katika nyumba nyingi sehemu tatu za kwanza ndizo jina la mtaa, na ya mwisho ndiyo namba ya nyumba. Printa ilikuwa mtaa wa 192.168.100 na laptopu mtaa wa 192.168.0. Nikauliza, "Mna ruta ngapi hapo?" Mpwa wangu akafikiri kidogo. "Mbili, mjomba. Kuna kile kisanduku cha faiba sebuleni, na ile ndogo baba aliyoiweka chumba cha nyuma ili waifai ifike."

Jibu lote liko hapo. Ruta ndogo ilikuwa imechomekwa nyuma ya kisanduku cha faiba na kuanzisha mtaa wake ndani ya mtaa. Laptopu ilikuwa inazijua waifai zote mbili na nywila zake. Siku zote ilikuwa kwenye ile ya sebuleni, pamoja na printa. Stima iliporudi, ruta ndogo iliwaka haraka, kisanduku cha faiba kikachelewa dakika mbili tatu kama kawaida yake, na laptopu ikajishikiza kwa aliyeamka kwanza. Faiba ilipokuja, intaneti ikapita vizuri kwenye ruta zote mbili, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kutazama jina la waifai.

Nikamwambia aandike amri moja: ping 192.168.100.23. Programu hii iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss Desemba 1983, na jina lake alilitoa kwenye mlio wa sona, chombo kinachotuma sauti chini ya maji na kusikiliza mwangwi. Inatuma kipande kidogo cha data kwenye anwani moja na kungoja kirudi.

"Mjomba, inajibu!"

Umeona? Kwa kupaza sauti mtaani printa haipo, lakini ukibisha mlango wake kwa namba, inafungua. Aliye kwenye ruta ya ndani anaweza kutoka kwenda nje, vilevile anavyotoka kwenda intaneti. Ule mwito wa "nani hapa ni printa" ndio usiovuka. Ingekuwa kinyume, printa ndani na laptopu nje, hata ping isingejibu.

Tungeweza kuirudisha laptopu kwenye waifai ya sebuleni tu, lakini chumba cha nyuma ishara ilikuwa ya kukatikakatika, na kazi ya kurasa mia kadhaa haitaki mchezo. Tukaiongeza printa upya, safari hii kwa kuchagua njia ya kuandika anwani ya IP badala ya kuiacha Windows itafute. Ukurasa wa majaribio ukatoka. Saa saba usiku dada alinitumia ujumbe kwamba vijitabu vimekunjwa vyote 120.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilienda kutengeneza kwa kudumu. Niliizuia ruta ndogo isigawe anwani, yaani nikazima DHCP yake, nikaipa anwani moja ya mtaa wa 192.168.100 ambayo haitumiki, kisha nikauhamisha waya unaotoka kwenye kisanduku cha faiba kutoka tundu la WAN hadi tundu la LAN. Sasa haianzishi mtaa tena, inasambaza waifai tu. Ruta nyingine zina kitufe kimoja cha kazi hiyo kwenye menyu, kinachoitwa hali ya AP. Halafu kwenye kisanduku cha faiba nikaiwekea printa namba yake ya kudumu ili stima ikipotea isihamishwe.

Nyumba yako inaweza kuwa na ugonjwa mwingine, lakini utaratibu wa kuutafuta ni huohuo. Kwanza pata anwani ya kifaa kutoka kwenye kifaa chenyewe, au kwenye orodha ya wateja ndani ya ruta. Ukiona inaanza na 169.254, kifaa kiliomba anwani, hakikujibiwa, kikajipa yenyewe. Tatizo hapo ni kati ya kifaa na ruta, tazama waya au nywila. Ukiona 0.0.0.0, hakijaunganishwa.

Pili, linganisha na anwani ya laptopu au simu. Mitaa ikitofautiana, tafuta ruta ya pili, au uzime VPN ya kazini, kwa maana nyingi hupeleka kila kitu ofisini na kukufungia mtaa wako mwenyewe.

Tatu, kama mtaa ni mmoja lakini ping haijibu, angalia kama mmoja wao yuko kwenye waifai ya wageni. Waifai hiyo imetengenezwa makusudi ili wageni wasivione vifaa vya mwenye nyumba. Kumbuka pia kwamba vifaa vingine vimewekwa visijibu ping, kwa hivyo jaribu kuifungua anwani yake kwenye kivinjari kabla ya kukata tamaa.

Nne, kama ping inajibu na bado programu inasema haioni kitu, lawama ni ya utafutaji au ruhusa. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020, iPhone huuliza kama programu iruhusiwe kuona vifaa vya mtandao wa nyumbani, na ukigusa "hapana" siku ile ya kwanza, programu itakuwa kipofu hadi uende kwenye mipangilio. Kwenye Windows, mtandao wa nyumbani ukiwekwa kama wa umma, kompyuta huacha kutafuta wenzake.

Katika haya yote hakuna hatua inayosema nunua kipya. Fundi anayetangaza kifo cha kifaa bila kuuliza anwani yake ni kama daktari anayeandika cheti cha kifo bila kushika mkono wa mgonjwa. Mwombe akuonyeshe namba. Akishindwa, mwache aende na usimlipe.

Kata kipande cha karatasi, andika anwani ya printa, ya kamera na ya ruta, pamoja na jina la waifai inayotumika, kisha ubandike nyuma ya ruta kwa gundi ya karatasi. Fanya hivyo leo wakati kila kitu kinafanya kazi. Stima haitoi taarifa.